Nyumba ya Zamani na Uso Wake Mbele ya Barabara

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hiyo ni ya kweli, kwani yatukataza kumhukumu mtu kwa sura yake. Lakini wahenga hawakusema kwamba mlango uachwe uoze, wala kwamba ukuta wa mbele uachwe umenyeke kama ngozi ya mgonjwa. Mpita njia hana ruhusa ya kufungua akaingia ndani. Yeye huiona baraza, paa na kizingiti, na kwa hayo matatu hutoa hukumu yake. Na mara nyingine hukumu hiyo huwa na bei.

Juma hili, ndugu wasomaji, twapenda kuzungumza na jamaa za askari na polisi, walio kazini na waliokwisha kustaafu, juu ya nyumba za zamani: zile zilizojengwa na baba zetu, au walizozinunua kwa akiba ya mshahara, ambazo leo zimechakaa usoni ingawa mifupa yake ingali imara. Tutaeleza namna ya kuzirudishia sura njema kwa fedha ya kadiri, bila ya kuficha maradhi chini ya rangi.

NYUMBA TUZISEMAZO

Reli ilifika Tororo mwishoni mwa miaka ya 1920, na daraja la reli juu ya mto Nile pale Jinja likafunguliwa mwaka 1931. Tangu hapo miji ya mashariki ya Uganda ilianza kunyanyuka kando ya njia hiyo. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, Jinja ikawa mji wa viwanda, na Tororo nayo ikapata kiwanda cha saruji katika miaka hiyo hiyo ya 1950. Nyumba nyingi za makazi katika miji hiyo zilijengwa kwa mtindo mmoja: matofali ya kuchoma, paa la mabati lenye mwinamo, baraza mbele, na madirisha ya chuma yenye vioo vidogo vidogo. Katika mtaa mkuu wa Jinja, baadhi ya maduka yaliyojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi yangali na mwaka wa kujengwa ulioandikwa kwa lipu juu ya paji la jengo.

Kwa nini majengo hayo yalichakaa? Si umri peke yake. Serikali ya Idi Amin ilipowafukuza Waasia mwaka 1972, majengo mengi yalikaa miaka mingi mikononi mwa wapangaji wasiojua kama kesho yatakuwa yao au ya mwingine. Na nyumba ambayo mtu hana hakika nayo, haipaki rangi. Nyumba zetu wenyewe nazo zilipata msiba wa namna nyingine: baba alihamishwa kutoka kituo hiki hadi kile, watoto wakatawanyika, na mvua ikabaki peke yake kazini.

MTU ALIYETAKA KIWANJA TU

Mimi mwandishi wenu nina sababu ya kulijua jambo hili. Mama yangu mzazi ni mjane wa sajini wa polisi, naye hukaa Tororo katika nyumba ambayo marehemu Baba aliinunua mwaka 1968. Ina vyumba vitatu na baraza yenye nguzo nne. Mwanzoni mwa mwaka 2022 alifika bwana mmoja aliyevaa vizuri, akasimama barabarani akiitazama, kisha akabisha hodi. Alimwambia Mama, kwa adabu yote, kwamba atampa bei ya kiwanja. "Nyumba yenyewe si kitu, Mama," alisema. "Nitaibomoa."

Mama alimpa chai, akamwambia kwamba atawauliza watoto. Usiku ule kaka yangu, ambaye ni koplo wa polisi katika wilaya nyingine, alinipigia simu. Alikuwa ameudhika. "Dada," alisema, "huyo bwana hakuiona nyumba. Ameona kutu na tope."

Kaka alisema kweli, lakini lawama ilikuwa yetu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, sisi watoto tulichanga fedha tukampelekea Mama rangi ya mafuta, tukamkodi fundi. Fundi aliupaka ukuta wa mbele kwa siku mbili, mwezi wa Machi, mvua zikiwa mlangoni. Nyumba iling'aa. Tukapiga picha, tukajisifu. Ilipofika Juni rangi ilikuwa imefura malengelenge kutoka ardhini hadi usawa wa dirisha, na ulipoyabonyeza malengelenge hayo, yalitoa maji. Tulikuwa tumeupaka ukuta uliokunywa maji, na kwa kuupaka tuliyafungia maji hayo ndani.

KWANZA TAZAMA, USINUNUE RANGI

Fundisho la kwanza, ndugu msomaji, ni kwamba rangi huja mwisho. Kazi ya mwanzo haihitaji hata senti. Vuka barabara, simama mahali anaposimama mgeni, uitazame nyumba yako kama usiyeijua. Andika kila unachokiona. Kisha rudi wakati wa mvua, na mwavuli wako, utazame tena. Mtazamo wa jua huonyesha aibu ya nyumba, lakini wa mvua ndio uonyeshao ugonjwa wake.

Kaka hakuweza kupata likizo kabla ya Juni, basi alimwomba Mama afanye upelelezi huo kwa niaba yake. Mama, ambaye ameishi miaka arobaini na askari, alitoa daftari kuukuu la marehemu Baba, akaketi barazani mvua za Aprili zilipoanza. Taarifa aliyotusomea kwenye simu ilikuwa hivi: "Saa tisa na robo, maji yameruka pembe ya paa juu ya mlango. Saa tisa na dakika ishirini, tope limefika dirishani. Saa tisa na nusu, maji yamesimama chini ya ukuta wa jikoni, hayana pa kwenda." Hakuna fundi ambaye angetuandikia taarifa bora kuliko hiyo.

Tuyaeleze maneno ya Mama kwa mapana. Maji huiharibu sura ya nyumba kwa njia tatu. Kwanza, huteremka kutoka paani palipotoboka, au pale mfereji wa bati ulio ukingoni mwa paa, ambao mafundi huuita gata, umevunjika au umejaa majani. Pili, huruka kutoka ardhini: tone lianguka juu ya udongo mtupu, nao udongo mwekundu hurukia ukutani na kuutia doa. Tatu, hupanda kutoka chini. Tofali la kuchoma hunyonya maji kama kitambaa kilichochovywa ncha, na maji yakipanda huja na chumvi ya ardhini. Chumvi hiyo ndiyo unga mweupe uuonao ukutani, nayo huisukuma rangi na lipu mpaka vikaanguka. Mtu asiyeziba njia hizo tatu apaka rangi ya miezi mitatu.

PAA NA GATA

Anzia juu, kwa kuwa kila linaloanguka kutoka juu litachafua chini. Bati lenye kutu ya juujuu halina haja ya kutupwa. Lisugue kwa brashi ya waya, lioshe, liache likauke kabisa, kisha lipake rangi ya msingi ya kuzuia kutu, na juu yake mikono miwili ya rangi ya mabati. Misumari iliyolegea ing'olewe, mipya ipigiliwe pamoja na raba zake juu ya mgongo wa bati, wala si katika bonde lake ambamo maji hupita. Apandaye paani asikanyage bati tupu. Aweke ubao mrefu uliolala juu ya boriti zaidi ya moja, na mtu mwingine amshikie ngazi.

Hapa pana onyo kubwa. Baadhi ya majengo ya miaka ile, hasa ya taasisi, yaliezekwa kwa vigae vipana vya kijivu vilivyotengenezwa kwa saruji na asbesto. Vumbi la asbesto likivutwa huleta maradhi mabaya ya mapafu ambayo hujitokeza baada ya miaka mingi. Kama paa lako ni la namna hiyo, usilisugue, usilikate, wala usilitoboe. Waone kwanza maofisa wa afya au wa mazingira wa wilaya.

Gata liinamishwe kiasi cha sentimita moja kwa kila mita mbili au tatu, likielekea kwenye bomba la kuteremshia maji. Na maji hayo yasipotee bure. Paa lenye eneo la mita za mraba 50, likinyeshewa mvua ya milimita 10 tu, hupokea lita 500, yaani jerikani 25 za lita 20. Hata yakipotea kidogo njiani, mama wa nyumba amepumzishwa safari nyingi za kisimani. Tangi lifunikwe vizuri, na gata lisafishwe kila kabla ya mvua, kwani maji yaliyosimama ni nyumba ya mbu.

CHINI YA UKUTA

Kaka alipofika likizoni mwezi wa Juni, alishika sepetu kabla ya kushika brashi. Kwa miaka hamsini ufagio ulikuwa ukisukuma mchanga kuelekea ukutani, na Mama naye alikuwa amepanda maua yake pale pale, mpaka ardhi ikawa juu kuliko sakafu ya ndani. Aliichimba akaishusha hadi ikawa sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu, naye alipofika hapo aliona ukanda mweusi wa lami ndani ya ukuta. Huo ndio waashi wa zamani waliouweka ili kuyazuia maji yasipande. Ukanda ulikuwa mzima. Sisi ndio tuliyajengea maji daraja la udongo juu yake.

Baada ya hapo alimwaga kokoto kandokando ya ukuta, upana wa sentimita 60, mahali pale maji ya paa yanapoangukia. Tone likianguka juu ya kokoto halirushi tope. Nje ya kokoto alichimba mfereji mdogo wenye mwinamo wa kuyapeleka maji mbali na msingi. Gharama yake ilikuwa jasho na magari mawili ya kusukuma kwa mkono.

Twajua kwamba uwanja wa udongo uliofagiliwa ni desturi njema, nao husaidia kumwona nyoka kabla hajakuona. Desturi hiyo ibaki. Lakini isiguse ukuta.

UFA NA LIPU

Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi twaongeza: usiuzibe kabla ya kuusaili. Ufa mwembamba kama unywele katika lipu aghalabu si kitu. Ufa unaoanzia pembe ya dirisha na kushuka kama ngazi kufuata matofali, hasa ukiweza kuingiza shilingi ndani yake, una jambo la kusema juu ya msingi. Njia ya kale ya kuusaili ni hii: bandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa, kila upande kwa saruji kidogo, andika tarehe, uache mvua zipite. Kioo kikibaki kizima, ukuta umetulia, uzibe. Kikivunjika, ukuta ungali unatembea, na hapo mwite mtu anayeijua misingi. Itundike pia timazi kutoka juu hadi chini, ujue kama ukuta umeinama.

Kuhusu lipu, igonge polepole kwa mpini wa nyundo. Pale panapotoa sauti ya mtungi mtupu, lipu imeachana na tofali. Ibomoe hapo tu, usibomoe ukuta mzima. Mafundi wengi wa leo watakushauri upige saruji kali juu ya kila kitu. Usikubali upesi. Tofali la zamani ni laini, na lipu ngumu mno juu yake hupasuka, huyafungia maji, kisha huanguka pamoja na uso wa tofali. Mchanganyiko unaofaa ni kipimo kimoja cha saruji, kimoja cha chokaa, na sita vya mchanga safi. Ukuta ulowanishwe kabla ya kupigwa lipu, na lipu mpya inyunyiziwe maji siku kadhaa isikauke kwa haraka.

Mwashi wetu alikuwa mzee wa mtaa huo huo. Alimaliza lipu siku ya kumi na nne ya likizo ya Kaka, ambayo ilikuwa ya siku ishirini na moja. Kaka alikuwa amekwisha kununua debe jingine la rangi ya mafuta, akataka lipakwe juma lile lile ili aondoke akiwa ameona mwisho wa kazi. Mzee alikataa. Lipu mpya, alieleza, yataka karibu mwezi mzima ikauke kabla ya kupewa rangi isiyopitisha hewa. Kaka alisema kwamba hana mwezi. Mzee alifuta mwiko wake, akamjibu: "Afande, ukuta haupokei amri."

Walinyamaziana kwa siku nzima. Mimi nilikuwapo, na nakiri kwamba nilikuwa upande wa Kaka, kwa sababu yule bwana wa kiwanja alikuwa ameahidi kurudi. Lakini Mama alilifungua daftari lake akatusomea ukurasa wa mwaka uliotangulia, ambapo alikuwa ameandika tarehe ya rangi yetu ya kwanza, na tarehe ya malengelenge. Hakuongeza neno. Kaka alilirudisha debe dukani.

CHOKAA, RAFIKI WA UKUTA WA ZAMANI

Mzee ndiye aliyetuonyesha njia ya tatu. Chokaa, tofauti na rangi ya mafuta, huupenda ukuta wenye unyevu kidogo, nayo huuacha upumue. Kwa hiyo yaweza kupakwa juu ya lipu changa bila ya kungoja mwezi, na siku ukuta ukikauka kabisa, waweza kuendelea nayo au kubadili.

Chokaa iliyokwisha kuzimwa huuzwa ikiwa unga katika mifuko. Loweka unga huo katika maji usiku kucha au zaidi, uchuje kwa kitambaa, uuongeze maji mpaka uwe mwepesi kama maziwa. Chumvi kidogo husaidia ishike. Lowanisha ukuta, kisha paka mkono mwembamba. Utaona kama hujapaka kitu, lakini ikikauka itakuwa nyeupe. Ngoja siku moja, paka tena, mpaka mikono mitatu au minne. Mkono mzito hupasuka na kumwaga unga. Ukitaka rangi ya maziwa au ya udongo, changanya rangi ya unga inayostahimili chokaa, uchanganye yote kwa siku moja katika pipa moja, ili ukuta usiwe na mabaka.

Ukipata chokaa mbichi isiyozimwa, jihadhari sana. Inapokutana na maji huchemka na kurusha. Mimina chokaa katika maji polepole, kamwe usimimine maji juu ya chokaa. Watoto wawe mbali, macho yakingwe. Hata chokaa iliyozimwa huunguza macho. Ikiingia, yaoshwe kwa maji mengi safi bila kukawia, kisha mtu aende zahanati.

Kwa wale watakaochagua rangi ya kawaida juu ya ukuta mkavu, hesabu yake ni rahisi. Lita moja hupaka kiasi cha mita za mraba 10 kwa mkono mmoja ikiwa lipu ni laini. Ukuta wa mbele wenye urefu wa mita 10 na kimo cha mita 2.7 ni mita za mraba 27; toa 6 za mlango na madirisha, zabaki 21; kwa mikono miwili ni 42. Basi wahitaji lita 4 na ziada kidogo. Anayekuambia ununue lita 20 kwa uso peke yake ana nyumba nyingine anayotaka kuipaka. Na chini ya ukuta, kimo cha nusu mita, paka mkanda wa rangi nyekundu ya udongo au ya kijivu. Doa la tope halitaonekana upesi.

MLANGO NA MADIRISHA

Usikimbilie mlango mpya wa bati wenye maua ya chuma. Milango mingi ya miaka ile ilitengenezwa kwa mvule, mti uliokuwa mwingi katika nchi ya Busoga na ambao leo ni adimu. Mlango wa Mama ulikuwa na rangi tano, moja juu ya nyingine, na chini ya zote mbao zilikuwa nzima, ila ubao wa chini ulioliwa na maji. Seremala alibadilisha ubao huo mmoja, akaweka bawaba mpya, na mlango ukapakwa mafuta ya kitani. Leo ndio kitu cha kwanza ambacho wageni hukitaja.

Lakini rangi za kale nyingi zilikuwa na risasi, ambayo ni sumu kwa watoto hasa, kwani hudhuru ubongo unaokua. Kwa sababu hiyo rangi kuukuu isisuguliwe ikiwa kavu, wala isichomwe kwa moto. Ilowanishe kwanza, ikwangue ikiwa mbichi, kusanya magamba yote juu ya turubai, na pafutwe kwa kitambaa chenye maji. Watoto na mama waja wazito wasiwepo mpaka pasafishwe.

Madirisha ya chuma nayo yaokolewe. Piga brashi ya waya, paka rangi ya msingi ya kutu, badilisha puti iliyokauka, tia grisi bawabani. Dirisha linalofunguka vizuri hupendeza hata likiwa na miaka sabini.

UWANJA NA NJIA

Mgeni aongozwe mlangoni na njia moja iliyonyooka, ya matofali mabovu au ya kokoto, yenye kingo. Kando yake panda mchaichai: hushika udongo, hufukuza sura ya jangwa, na hutiwa katika chai. Bogenvilia na hibiskasi hufanya ua mzuri, lakini zikatwe zisizidi kimo cha kifua, ili mwenye nyumba amwone ajaye. Polisi hawahitaji kuelezwa sababu yake. Mnyaa ni ua wa bei nafuu, ila utomvu wake hudhuru macho, basi usipandwe palipo na watoto wadogo. Na miti mikubwa, hasa mikalitusi, ikae mbali na msingi, kwani hunyonya maji ya ardhini na kuufanya udongo usinyae.

KWA WALIO KAMBINI

Askari anayekaa katika nyumba ya serikali asidhani kwamba maneno haya si yake. Yeye hana ruhusa ya kuvunja wala kujenga, na kasoro za paa na ukuta yampasa aziripoti kwa maandishi kwa mkuu wake anayehusika na majengo. Lakini kushusha udongo ukutani, kuweka kokoto, kusafisha gata, na kupanda mchaichai hakumkosei mtu. Tena kijana aliyejifunza kambini kuitunza nyumba isiyo yake, atajua la kufanya siku atakapopokea kiinua mgongo chake na kununua ya kwake.

Kwa wenye nyumba mjini twaongeza jambo moja. Uganda ina sheria ya usimamizi wa majengo ya mwaka 2013. Kabla ya kubadili baraza, kuta au paa, uliza katika ofisi ya manispaa kama kibali chahitajika.

RATIBA YA MWAKA

Katika sehemu kubwa ya kusini na mashariki ya Uganda mvua hunyesha Machi hadi Mei, na tena kuanzia Septemba hadi Novemba. Basi panga hivi. Aprili, tazama na uandike. Juni, rekebisha paa, gata na udongo. Julai, ziba nyufa zilizotulia na upige lipu. Agosti, paka rangi au chokaa. Septemba, kaa barazani utazame tena. Asiye na fedha za yote afanye moja kila mwaka, lakini afuate mpangilio huo, wala asianze na la mwisho.

Yule bwana alirudi kweli, Januari ya mwaka uliofuata. Alisimama barabarani kwa muda, kisha akauliza bei ya nyumba, si ya kiwanja. Mama alimjibu kwamba haiuzwi, akamkaribisha chai barazani, naye alikunywa.

Tusiseme kwamba yote yamekwisha. Kati ya vioo viwili tulivyobandika juu ya nyufa, kile cha mbele kingali kizima baada ya misimu mingi ya mvua. Kile cha ukuta wa jikoni, pale maji yalipokuwa yakisimama, kilivunjika Novemba ile ile ya 2022, saa kumi jioni kwa mujibu wa daftari la Mama. Upande huo haujapakwa kitu, nasi tumekwisha kuanza kumchangia fundi wa misingi. Anayepita barabarani hauoni. Lakini sisi tunaujua, na tarehe yake imeandikwa.